Seliaki na Jiko Letu: Mwongozo Kamili wa Kuondoa Ngano Hadi Chembe ya Mwisho

Karibu kila wiki napata ujumbe unaofanana: "Dada, nimeacha chapati, nimeacha maandazi, mkate sijaugusa miezi mitatu, lakini tumbo bado linaunguruma na damu bado iko chini. Nakosea wapi?" Nikiuliza unga wake wa ugali unasagwa wapi, jibu huwa lile lile: mashineni, pale mtaani.

Wengi tunakwama hapo. Mimi nilikwama miezi mitano mizima. Nilikuwa nakataa kitumbua cha mchele kwa kukidhania kina ngano, huku kila usiku nakula ugali uliochanganyika na ngano ya jirani.

Kwa mgonjwa mpya, kwa ufupi: seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikikutana na protini ya ngano iitwayo gluteni, inageuka na kushambulia utumbo mdogo wa mwenye mwili. Vile vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula vinalala, na mtu anakula bila kushiba kweli. Kidonge cha kuutibu hakuna. Mlo ndio dawa, na hauna siku ya mapumziko.

Nimeandika kwa ajili ya mtu anayepika kwa mkaa au gesi, kwenye nyumba yenye watoto, wifi na wageni wanaoendelea kula ngano. Huhitaji biskuti za bei mbaya kutoka nje.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Viweke pamoja kwanza. Ukianza nusunusu utakuta unaazima mwiko wa jirani siku ya pili.

- Sufuria mbili zako, moja ya ugali au wali na nyingine ya mboga. Za chuma au alumini zinafaa hata zikiwa za zamani, mradi zisuguliwe vizuri.
- Mwiko mpya na upawa mpya. Mwiko wa zamani hausafishiki.
- Chekeche mpya na chujio jipya la chai.
- Kikaango chako, pamoja na chupa ya mafuta ambayo hayajakaangia kitu.
- Brenda, au kinu na mchi ambavyo havijawahi kutwanga ngano.
- Ungo wa kuchambulia nafaka.
- Makopo kama sita yenye mifuniko inayobana.
- Sponji na waya wa kusugulia vya kwako peke yako.
- Rangi nyekundu ya kucha kwa ajili ya alama. Haitoki kwa maji wala sabuni, na hata mtoto asiyejua kusoma anaielewa.
- Daftari na kalamu.
- Karatasi ya majibu yako ya hospitali. Kama huna, usiende mbali zaidi ya hatua ya kwanza.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwanza, usiache ngano kwa kubahatisha

Watu wengi hukosea hatua hii kwa nia njema kabisa. Mtu anasikia dalili zinafanana na zake, anaacha ngano leo, anapata nafuu, kisha baada ya miezi miwili anakwenda kupima. Kipimo kinasema hana kitu.

Sababu yake ni kwamba kipimo cha damu, kinachoitwa tTG-IgA, kinatafuta askari ambao mwili huwatengeneza pale tu gluteni inapoingia. Ukiacha ngano wanapungua, na utumbo nao unaanza kupona. Daktari atakayechukua kipande cha utumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera, unaopitishwa mdomoni, anaweza asione kitu.

Kwa hiyo endelea kula ngano mpaka vipimo vikamilike. Kama ulishaacha, mweleze daktari. Utaratibu unaotumika sana ni kurudi kula ngano katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku, kwa angalau wiki sita, ndipo upime. Najua ni mateso. Ila kuishi maisha yote kwa kubahatisha kunaumiza zaidi.

Omba pia kipimo cha IgA ya jumla, yaani jumla ya askari wote wa aina hiyo mwilini. Kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwao kipimo cha kwanza hutoa jibu la uongo kwamba wako salama.

Mwambie daktari ukiwa na kisukari cha aina ya kwanza, au ugonjwa wa tezi ya shingo unaotokana na kinga ya mwili, au ndugu wa damu mwenye seliaki. Makundi hayo yana hatari zaidi. Mwambie vilevile kuhusu vipele vinavyowasha sana kwenye viwiko, magoti na makalio. Kuna sura ya ugonjwa huu inayotokea kwenye ngozi, na mgonjwa hupakwa dawa za fangasi miaka na miaka.

Utajua umefanikiwa ukiwa na majibu mkononi na daktari ametamka jina la ugonjwa. "Labda ni ngano" haitoshi.

## Hatua ya 2: Wajue watatu wanaokudhuru kwa majina

Nafaka zinazokudhuru ni tatu: ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano. Oti yenyewe haina shida kwa walio wengi, ila hulimwa na kusafirishwa pamoja na hao watatu. Isiguse mwaka wa kwanza, na baadaye kula ile tu iliyoandikwa kwamba haina gluteni.

Mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi, muhogo, viazi, ndizi, magimbi, dengu, kunde, choroko, mbaazi na maharage havina gluteni kwa asili. Soma orodha hiyo tena polepole. Karibu chakula chote cha bibi zetu kimo humo.

Ngano huitambui kwa sura yake tu, maana imejificha kwenye vyakula tulivyovizoea:

- Tambi zote za kawaida, pamoja na zile nyembamba zinazochanganywa kwenye pilau.
- Bokoboko, na shurba ya pwani inayopikwa kwa ngano.
- Urojo wa Unguja. Ule uzito wake kwa kawaida hutokana na unga wa ngano. Nilipolijua hili nilikaa kimya siku nzima.
- Katlesi zilizoviringishwa kwenye chenga za mkate, na viazi karai vilivyochovywa kwenye uji wa ngano badala ya dengu.
- Samaki aliyepakwa unga kabla ya kukaangwa ili asishike kikaango.
- Bia za kiwandani, kwa kuwa nyingi hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, na vinywaji vya kakao vyenye kimea.
- Mchuzi wa soya, soseji nyingi, na baadhi ya viungo vya mchuzi vya pakiti.
- Anjera ya Kisomali, ambayo mara nyingi ina ngano. Ile ya Kihabeshi ya unga wa tefu mtupu inafaa, lakini uliza, kwa kuwa wapo wanaochanganya.

Halua sikuwekei kundi lolote. Muulize mpishi ametumia wanga gani. Akisema wa mahindi au muhogo, sawa. Asipojua, iache.

## Hatua ya 3: Safisha jiko kana kwamba unahamia

Kuna dhana moja ambayo lazima ife hapa: kwamba moto unasafisha kila kitu. Moto huua vijidudu, na gluteni si kijidudu. Chemsha, kaanga, oka, itabaki gluteni ile ile. Kikaango cha chapati kilichopashwa mpaka kikatoa moshi bado kina ngano kwenye kingo zake.

Anza na kuondoa. Mwiko wa zamani, kibao na kisukumio cha chapati, chekeche, mchi wa mbao uliotwanga ngano: vyote hivyo vibaki kwa wenzako, wewe usivitumie tena. Mbao ina vinyufa na chekeche ina vitundu, na unga ukishaingia humo hautoki. Kikaango kilichochubuka ile ngozi nyeusi ya juu nacho kiwaachie.

Sufuria za alumini na chuma zisugue kwa waya mpya na sabuni, suuza kwa maji yanayotiririka, anika juani. Sahani za udongo na za kioo hazina neno.

Kisha weka alama. Nilipaka rangi ya kucha kwenye mpini wa kila kitu changu: kijiko, upawa, kisu, mfuniko wa kopo. Sheria ya nyumba ikawa fupi: chenye nyekundu hakigusi ngano. Watoto waliishika siku ya kwanza. Watu wazima walichukua wiki mbili.

Panga makabati hivi: vyakula vyako rafu ya juu, ngano ya familia rafu ya chini. Unga hudondoka kuelekea chini, haupandi.

Onyo kuhusu vumbi. Wifi anapokanda maandazi, unga unaelea hewani na kutua kwenye sufuria isiyofunikwa. Kubalianeni siku ya kukanda, na siku hiyo chakula chako kipikwe kwanza, kifunikwe, kitolewe jikoni. Meza ifutwe kwa kitambaa kilicholowa, maana kufagia kukavu kunalirusha upya.

Onyo kuhusu vyakula vya kuchovya. Siagi, jemu, asali na karanga ya kupaka viwe na kopo lako. Kisu kikipita kwenye mkate na kurudi kwenye siagi, siagi yote imekwisha kwako.

Utajua umefanikiwa mgeni akiingia jikoni na kuweza kukuandalia chai bila kukuuliza achukue kikombe gani.

## Hatua ya 4: Unga, mahali ambapo wengi wanaanguka

Hapa naomba utulie. Kama utasahau mengine yote, hili libaki.

Chakula kinachouzwa kimataifa kama kisicho na gluteni hakiruhusiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja. Mgonjwa mwenyewe kwa siku nzima, kiwango kinachochukuliwa kuwa salama kwa wengi ni chini ya miligramu 10. Kipande kimoja cha mkate kina kama miligramu 2,000. Yaani kikomo chako cha siku ni sehemu moja kati ya 200 ya kipande cha mkate.

Sasa piga hesabu mashineni. Mteja aliyekutangulia amesaga ngano, au lishe ya mtoto yenye ngano ndani. Kwenye mdomo wa mashine, kwenye chekeche ya chuma na kwenye ule mfuko wa kitambaa kimebaki unga. Tuseme umebaki kijiko kimoja tu cha chakula, gramu 10. Humo mna takriban miligramu 800 za gluteni. Ukizigawa kwenye unga wako wa kilo 10 unapata miligramu 80 kwa kila kilo, mara nne ya kikomo.

Ukila ugali wa gramu 300 za unga huo, umeingiza miligramu 24. Fanya hivyo kila siku, na damu yako haiwezi kutulia hata kama hujaona chapati mwaka mzima. Na mashine ya mtaani haibakizi kijiko kimoja tu.

Kupepeta nyumbani hakusaidii, kwa sababu unga wa ngano na wa mahindi hupita tundu moja. Kumwomba msagaji akung'ute mfuko kunapunguza, lakini hakuondoi. Kumwaga kilo ya kwanza nako kunapunguza tu. Nilifanya yote matatu kwa wiki kadhaa, na kipimo changu kilishuka kidogo kisha kikagoma.

Zipo njia nne zinazofaa. Nimezipanga kuanzia ninayoiamini zaidi.

Njia ya kwanza: acha unga mkavu, saga kilicholowekwa. Upishi wa pwani umejaa vyakula ambavyo havipiti mashineni kabisa. Mchele unalowekwa usiku, asubuhi unasagwa kwenye brenda: hapo una vitumbua, vibibi na mkate wa kumimina. Kunde au choroko zinalowekwa, zinamenywa, zinasagwa: hapo una bajia. Hakuna mfuko wa mtu wala ngano ya jirani.

Mkate wa kumimina ndio ulionirudishia chai ya asubuhi, kwa hiyo nauandika wote. Chambua vikombe viwili vya mchele kwenye ungo, osha, loweka usiku kucha, chuja. Saga pamoja na kikombe kimoja cha tui zito mpaka ukiusugua kati ya vidole usisikie chenga. Tia kijiko kimoja cha chai cha hamira, sukari robo tatu ya kikombe na iliki uliyotwanga mwenyewe. Funika mpaka uumuke na kujaa mapovu. Piga ute wa yai moja, uchanganye taratibu. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto, weka kwenye jiko la mkaa mdogo, mfuniko juu na makaa juu yake. Ukichoma kijiti kikatoka kikavu, umeiva. Ukizama katikati, ama tui lilizidi ama uliuacha ukaumuka mpaka ukachoka.

Njia ya pili: mashine isiyosaga ngano. Zipo, hasa vijijini na kwenye vikundi vya kina mama wanaosaga muhogo au mahindi peke yake. Nenda mwenyewe uangalie. Usiulize "mnasaga ngano?" maana utajibiwa "kidogo tu." Uliza "lishe ya watoto mnasagia wapi?" Jibu likiwa "hapa hapa," aga uende. Lishe nyingi zina ngano ndani pamoja na mtama, ulezi, soya na karanga.

Njia ya tatu: unga wa pakiti wa kiwandani. Soma pakiti kisha piga ile namba ya simu iliyoandikwa. Viwanda vingi vikubwa husaga mahindi na ngano vyote viwili. Uliza kama ni mtambo mmoja au mitambo tofauti. Ikiwa tofauti, na unga unafungwa vyumba tofauti, nunua. Akikujibu mtu asiyejua, omba kuunganishwa na anayesimamia ubora.

Njia ya nne: kinu chako. Kwa ulezi na mtama wa uji wa mtu mmoja inatosha kabisa. Kwa ugali wa familia ni kazi ya kuua mtu, sikudanganyi.

Hata nafaka nzima ina mtego wake. Muuza nafaka sokoni hutumia kopo moja kupimia ngano na mtama, na magunia yanarudiwa. Mwage mtama kwenye ungo mahali penye mwanga, chambua punje zote ngeni, osha mara mbili, anika. Punje ya ngano ina mfereji katikati, mtama hauna. Macho yakizoea unaiona upesi.

Bizari na pilipili manga za kusagwa nazo hupita kwenye mashine zile zile, na wapo wafanyabiashara wanaoziongeza unga ili zijae. Nunua viungo vizima, usage mwenyewe.

Utajua umefanikiwa ukiweza kutaja, kwa kila kopo la unga lililo jikoni kwako, nani alisaga na mashine hiyo inasaga nini kingine.

## Hatua ya 5: Jaza kilichopungua

Kuondoa ngano ni nusu ya kazi. Utumbo ulioharibika ulikunyima madini ya chuma, foliki, vitamini B12, vitamini D na kalsiamu kwa muda mrefu. Mgonjwa anayebadili mkate kwa wali mweupe na sembe peke yake hatajaza hilo pengo.

Kwa chuma: maini, nyama, dagaa, maharage, choroko. Kamulia ndimu au malizia na chungwa, kwa sababu vitamini C husaidia chuma cha mboga na nafaka kufyonzwa. Chai isinywewe pamoja na chakula. Iache angalau saa moja ipite, maana huzuia hicho chuma.

Kwa kalsiamu: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, na uji wa ulezi. Ulezi unazidi nafaka nyingine zetu zote za kawaida kwa kalsiamu, na ninausikitikia kwa kuachiwa watoto na wazazi tu.

Maziwa yakikuletea kuhara miezi ya kwanza, usishangae. Kile kimeng'enya kinachomeng'enya sukari ya maziwa hukaa kwenye vinyweleo vile vile vilivyolala. Tumia mtindi, ambao ni mwepesi zaidi, kisha jaribu maziwa tena baada ya miezi michache. Wengi wanarudi kuyanywa.

Choo kigumu nacho huja, kwa kuwa nyuzi za ngano zimeondoka. Dona, maharage, matembele, kisamvu na mapapai vinamaliza tatizo hilo. Vidonge vya kuongeza damu meza kwa kipimo cha daktari tu, na muulize mfamasia kama dawa zako zozote zimefungwa kwa wanga wa ngano. Mara nyingi ni wa mahindi, lakini swali halina gharama.

## Hatua ya 6: Soma pakiti

Pakiti nyingi za madukani kwetu zimeandikwa Kiingereza. Maneno matano yanatosha kuanzia, yaandike nyuma ya daftari: wheat, barley, rye, malt, semolina. Ukiona mojawapo, rudisha. Maltodextrin lisikutishe kwa sababu limeanza kama malt. Si kimea, na linafaa.

Kutokuona ngano kwenye orodha hakutoshi kwa kitu cha unga. Tafuta pia onyo kwamba kimetengenezwa mahali panapotumika ngano.

Mliopo Ulaya mna nafuu: sheria inataka majina ya nafaka hizi yaandikwe kwa maandishi yaliyokolezwa ndani ya orodha ili yaonekane. Mliopo Marekani kuweni macho. Ngano lazima itajwe, lakini shayiri haimo kwenye orodha ya vizio, yaani vitu vinavyoleta aleji, ambavyo sheria inalazimisha vitajwe. Kwa kununua kule tegemeeni yale maandishi ya kutokuwa na gluteni, ambayo pande zote mbili yana maana ya kutozidi miligramu 20 kwa kilo.

## Hatua ya 7: Harusi, msiba, futari na kanisa

Kukataa chakula kwetu kunaweza kuchukuliwa kama dharau, kwa hiyo sema mapema, kwa heshima, na kwa mtu anayeshika upawa. Maneno ninayotumia ni haya: "Shangazi, chakula chako nakitamani. Daktari kanikataza ngano, hata chembe. Naomba nipakuliwe wali na mchuzi mimi wa kwanza, kabla kijiko hakijaingia kwenye tambi." Sijawahi kukataliwa.

"Nina aleji kidogo" usiseme. Ukisema kidogo, atakupa kidogo.

Sahani ya pamoja ni tatizo hata kama kilichomo ni pilau tupu, kwa sababu mkono uliokata sambusa unarudi humo humo. Omba sahani yako. Kwenye futari fika na kontena lako la viazi vitamu vya nazi au muhogo, na leta vya kutosha wengine waonje.

Chipsi za mtaani ziache, isipokuwa umeona mafuta yake hayakaangii maandazi wala sambusa. Nyama choma na ndizi za kuchoma ndizo salama zaidi, mradi nyama haijapakwa mchuzi wa soya.

Kwa Wakatoliki: hostia ya kawaida ni ngano tupu. Kanisa linaruhusu hostia yenye gluteni kidogo sana, au kupokea divai peke yake. Zungumza na paroko mapema, na umwombe kikombe cha pembeni, kwa kuwa kile kikuu hutiwa kipande cha hostia wakati wa misa.

Mtoto wa shule mpe chakula cha nyumbani na barua ya daktari kwa mwalimu mkuu. Mfundishe kusema mwenyewe: "Mimi siruhusiwi ngano." Kubadilishana vitafunio ndiko kunakowaangusha watoto. Shule ya bweni, ikiwa jiko lake halikubali sufuria ya peke yake, kwa maoni yangu haifai miaka ya mwanzo.

## Hatua ya 8: Daftari, na kurudi hospitali

Kila jioni andika mistari miwili: umekula nini na unga wake ulitoka wapi, kisha tumbo na nguvu vilikuwaje. Usipoandika chanzo cha unga daftari halina kazi.

Wengi huona nafuu ya tumbo ndani ya wiki chache. Damu hupanda taratibu zaidi. Kipimo cha tTG-IgA rudia baada ya miezi sita na tena mwaka ukitimia. Kinapaswa kuwa kinashuka. Utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua miaka miwili au zaidi kupona sawasawa, wa mtoto huwahi. Muulize daktari pia kuhusu kupimwa uimara wa mifupa.

Kipimo kikigoma kushuka, usianze kujilaumu kwa kipande cha keki ulichoonja Idi iliyopita. Keki moja haishikilii kipimo miezi sita. Kinachokishikilia ni kitu cha kila siku, kwa hiyo chunguza ugali, uji, bizari, mafuta ya kukaangia na siagi, kwa mpangilio huo.

Ukila ngano kwa bahati mbaya, usijitapishe wala usimeze dawa za minyoo. Kunywa maji ya kutosha, na ORS ukiharisha, kula vyakula laini, andika kwenye daftari, kisha endelea na mlo wako kuanzia mlo unaofuata. Kutapika kusikokoma, kuharisha damu au kizunguzungu cha kuanguka ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Usikose pia kwenda ikiwa unapungua uzito wakati mlo wako ni safi.

Na usiposikia maumivu yoyote baada ya kula ngano, hiyo si ruhusa. Wapo wagonjwa ambao utumbo wao unaharibika kimya kimya.

Jambo la mwisho ni la nyumba nzima. Takriban mmoja kati ya kila wazazi, ndugu na watoto kumi wa mgonjwa naye anao ugonjwa huu, mara nyingi bila kujua. Wapeleke wapimwe, na wapimwe sasa hivi, kabla hawajaanza kula mlo wako kwa kukuonea huruma na kuharibu majibu yao.